Kilele cha Roy Jones na Raundi Zilizokatwa: Uhakiki wa Seti ya Diski za Mapambano Yake, 2003 hadi 2005

Seti hii ya diski nne inauzwa kwa ahadi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi lake, kwamba atakayeinunua ataona jinsi bondia Mmarekani Roy Jones Jr. alivyofika kileleni na jinsi alivyoporomoka. Diski ya kwanza ina pambano la tarehe 1 Machi 2003, alipomshinda John Ruiz kwa pointi na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu wa WBA, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa ngumi. Diski ya pili imebeba mapambano yake mawili ya kwanza na Antonio Tarver, la Novemba 2003 na la Mei 2004. Ya tatu ina kipigo alichokipata kwa Glen Johnson mwezi Septemba 2004, na ya nne ina pambano la tatu na Tarver, lililopiganwa Tampa tarehe 1 Oktoba 2005. Nusu ya kwanza ya ahadi hiyo imetimizwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Nusu ya pili imepitishiwa mkasi, na mkasi wenyewe umekata mahali ambapo palikuwa pa mwisho kabisa kustahili kuguswa.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kumfuatilia bondia huyu, ni lazima kwanza ielezwe alikuwa nani, kwa sababu seti yenyewe haina utangulizi wowote. Jones, mzaliwa wa Pensacola katika jimbo la Florida, alijulikana duniani kwa dhuluma: katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alimchapa Park Si-hun wa Korea Kusini mbele ya macho ya watu wote, majaji wakampa Park medali ya dhahabu, kisha mashindano yaleyale yakamtunuku Jones kombe la Val Barker linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote. Mwaka 1993 alimshinda Bernard Hopkins na kuwa bingwa wa uzito wa kati wa IBF, shirika jingine la aina ya WBA, mwaka 1994 akamfundisha adabu James Toney, na baada ya hapo akahamia uzito wa ratili 175 (kilo 79 hivi), ambao aliutawala kwa miaka kadhaa. Hadi anapanda ulingoni kupambana na Ruiz alikuwa amepoteza pambano moja tu, lile la Machi 1997 ambalo aliondolewa kwa kosa la kumpiga Montell Griffin akiwa ameshapiga goti, na miezi mitano baadaye walirudiana akammaliza katika raundi ya kwanza.

Rekodi hiyo, hata hivyo, haielezi kilichomfanya awe tofauti. Jones alipigana akifanya karibu kila jambo ambalo makocha huwakataza vijana wanaoanza. Mikono aliiacha chini kiunoni, ngumi za mpinzani alizikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma moja kwa moja badala ya kukipeleka pembeni, na mara nyingi aliruka ndani na ngumi ya kushoto ya kupinda bila kutanguliza jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ya kumpimia umbali. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu macho yake yaliona mapema na miguu yake iliitika kabla ya mwingine hajamaliza kuamua. Mwaka 1995, alipopambana na Vinny Pazienza, wahesabuji wa ngumi walirekodi raundi nzima ambayo Pazienza hakumpata hata ngumi moja. Mwaka 1996 alicheza mechi ya mpira wa kikapu ya ligi ya kulipwa mchana, na usiku wa siku hiyohiyo akatetea ubingwa wake. Februari 2002 aliweka mikono yote miwili mgongoni mbele ya Glen Kelly, akamkaribisha, kisha akaitoa ngumi ya kulia kutoka huko nyuma na kumlaza. Kocha yeyote mwenye akili atakayemwona kijana wake akijaribu hilo mazoezini amfukuze mara moja.

Ruiz alikuwa kinyume chake kwa kila kipimo. Ubingwa aliupata mwezi Machi 2001 kwa kumshinda Evander Holyfield, akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini kushika mkanda wa uzito wa juu, lakini watazamaji hawakumpenda, kwani kazi yake ulingoni ilikuwa kupiga moja, kukumbatia, kusukuma kwa bega, na kurudia. Dharau waliyompa, nadhani, ilizidi kiasi. Ni kweli kwamba mwaka 1996 David Tua alimwangusha kwa sekunde 19 tu, lakini mtu aliyepata aibu ya namna hiyo kisha akasimama na Holyfield raundi 36 katika mapambano matatu si mtu wa kubezwa. Kwenye mizani alikuwa na ratili 226 na Jones 193, tofauti ya kilo 15 hivi, na Jones mwenyewe alikuwa amejengwa kwa makusudi na mtaalamu wa mazoezi Mackie Shilstone, ambaye mwaka 1985 alimwandaa Michael Spinks kupanda uzito na kumvua Larry Holmes ubingwa. Jones alihakikishiwa dola milioni 10. Bingwa mwenyewe, ambaye mkanda ulikuwa kiunoni mwake, hakuhakikishiwa chochote zaidi ya mgao wa mapato, jambo linaloonyesha wazi ni nani aliyekuwa anauza tiketi usiku ule katika ukumbi wa Thomas & Mack, Las Vegas.

Diski ya kwanza inaonyesha pambano hilo lote, raundi 12 bila kukatwa, pamoja na mapumziko ya kona, na hapo ndipo thamani ya seti hii ilipo. Wengi wanalifahamu pambano hili kupitia vipande vya dakika tatu au nne vinavyozunguka mitandaoni, na vipande hivyo vinadanganya, kwa sababu vinamwonyesha Jones akirusha ngumi mfululizo kana kwamba usiku wote ulikuwa hivyo. Pambano halisi lilikuwa la polepole kuliko hapo, la kufikiri zaidi, na kwa maoni yangu ni zuri zaidi.

Raundi ya kwanza inatisha. Ruiz anatoka kwenye kona yake kama aliyeambiwa kwamba asipoumaliza usiku huo mapema hataumaliza tena, anamsukuma Jones hadi kwenye kamba na kumlalia kwa uzito wake wote, na kwa dakika tatu hizo tofauti ya kilo 15 inaonekana kwa macho. Ukitazama uso wa Jones anaporudi kukaa kwenye kiti chake, huoni hofu, lakini huoni dharau pia, ile dharau ambayo mabondia wa ratili 175 walikuwa wameizoea. Kuanzia raundi ya pili anafanya kitu ambacho kwa miaka mingi hakuhitaji kukifanya: anapiga jebu. Anaipiga kutoka chini, mkono ukianzia karibu na nyonga, hivi kwamba Ruiz haioni mpaka imekwisha kufika puani, na baada ya jebu anatoka pembeni badala ya kubaki mbele ya mtu mzito. Anapoona Ruiz anaisubiri jebu, anatikisa bega la kushoto tu, Ruiz anaganda, na mkono wa kulia unapita.

Raundi ya nne ndiyo ya kuirudia. Kuelekea mwisho wake, Jones anampata Ruiz kwa ngumi ya kulia iliyonyooka, na kwa mara ya kwanza bingwa anaonekana kuyumba, pua ikivuja damu. Baada ya hapo pambano halikuwa tena na swali. Ruiz aliendelea kusonga mbele, lakini kwa hatua za mtu anayetafuta ruhusa, na kila alipotaka kuingia ndani kukumbatia alikuta Jones ameshaondoka au mwamuzi Jay Nady ameshafika kuwaachanisha. Kambi ya Ruiz ililalamika sana kuhusu Nady, wakidai kwamba alimnyima mtu wao kazi yake ya karibu. Nimetazama kwa makini nikiwa na malalamiko hayo akilini, na naona yana chembe ya ukweli: Nady aliwatenganisha haraka. Lakini kukumbatia si haki ya bondia, na hakuna mwamuzi ambaye angeweza kumpa Ruiz macho ya kuiona ile jebu.

Majaji waliandika 116 kwa 112, 117 kwa 111 na 118 kwa 110. Jones akawa bingwa wa zamani wa uzito wa kati wa kwanza kuchukua ubingwa wa uzito wa juu tangu Bob Fitzsimmons alipomwangusha James Corbett mwaka 1897, miaka 106 nyuma. Ni rekodi inayotajwa na kila mtu, na inastahili kutajwa, ingawa wakosoaji wanasema, nao wana haki yao, kwamba alimchagua bingwa dhaifu kuliko wote waliokuwapo na kwamba asingethubutu kusimama na Lennox Lewis, bingwa mwingine wa uzito wa juu wa wakati ule. Mimi naona hoja hiyo haipunguzi kitu katika kilichofanyika ulingoni. Anayetazama diski hii hatazami historia ya mikanda. Anatazama mtu wa miaka 34 akitatua tatizo la kimwili kwa akili, raundi baada ya raundi, bila kukosea.

Hapa ndipo mtazamaji wa raundi zote 12 anapogundua jambo ambalo vipande vya mitandaoni vinalificha. Kuanzia raundi ya sita hivi, Jones anafanya kidogo. Anakaa kwenye kamba kwa hiari yake, anaacha nusu dakika ipite, anarusha ngumi mbili au tatu, kisha anapumzika tena. Miguu iliyokuwa ikizunguka ulingo mzima wakati wa Toney sasa inachagua pa kwenda. Kwa usiku ule ilikuwa busara kamili, kwani Ruiz alikuwa mzito na mwenye tahadhari, na kumchosha mtu wa ratili 226 kwa kumwacha ajisukume mwenyewe ni mbinu ya zamani. Lakini mtu aliyezoea kumwona Jones wa miaka ya tisini atajiuliza kama anatazama mbinu au anatazama umri uliovaa nguo za mbinu. Naamini vyote viwili vilikuwepo. Ushindi ule ulikuwa wa mwisho wa daraja lake la juu kabisa, na ndani yake mlikuwa tayari na nguvu zinazotumiwa kwa kupimwa.

Ubora wa kiufundi wa diski hiyo unaridhisha bila kuvutia. Picha ni ya umbo la televisheni za wakati ule, hivyo kwenye skrini pana za sasa inabaki na mistari myeusi pembeni, na rangi ya ulingo imefifia kidogo. Hata hivyo mwendo wa ngumi hauachi kivuli, na hilo ndilo muhimu kwa bondia ambaye kosa la sehemu ndogo ya sekunde linakuficha kila kitu. Sauti ya kona inasikika vizuri. Alton Merkerson, kocha wa Jones, anazungumza kwa upole wa mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake amemwelewa tangu jana, na ukilinganisha sauti hiyo na ile ya diski ya pili utapata maelezo ambayo hakuna mtangazaji aliyeyatoa. Matangazo ni ya Kiingereza na hakuna manukuu ya lugha yoyote, kasoro ndogo kwa mchezo ambao mwingi wake unaonekana.

Diski ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Pambano la tarehe 8 Novemba 2003 na Antonio Tarver, katika ukumbi wa Mandalay Bay, Las Vegas, limefupishwa hadi raundi tano: ya kwanza, mbili za katikati na mbili za mwisho. Boksi halisemi hivyo. Linasema tu kwamba mapambano yote matano yamo, na mnunuzi anakuja kugundua akiwa ameshafungua karatasi ya plastiki. Nilipomwandikia muuzaji nilijibiwa kwamba nafasi haikutosha, jibu lisiloingia akilini kwa diski ambayo pambano lake la pili lilikwisha katika raundi ya pili. Sababu ya kweli, bila shaka, ni kwamba pambano la Novemba halina mtu aliyeanguka. Anayepanga seti za namna hii anadhani kuporomoka kwa bondia ni ngumi moja, na anadhani mnunuzi amekuja kuitazama ngumi hiyo.

Kuporomoka kwa Jones hakukuwa ngumi moja. Kulitokea katika raundi zilezile zilizokatwa. Ndani ya miezi minane alitakiwa kuteremka kutoka ratili 193 za usiku wa Ruiz hadi 175, na misuli aliyoijenga kwa uangalifu mkubwa ilibidi iondoke kwa njia yoyote. Mtu wa miaka 24 hupanda na kushuka uzito akabaki yuleyule. Mtu wa miaka 34, tena ambaye mwili wake hauna mafuta ya kupoteza, hulipa kwa nguvu za miguu. Anayebahatika kuipata rekodi kamili ya usiku ule ataona Jones akirudi kwenye kamba kama alivyofanya na Ruiz, lakini safari hii anayemfuata ni mtu mrefu, anayepigana kwa kushoto, mwenye kurusha ngumi nne au tano kwa mkupuo, na ambaye haogopi chochote kwa sababu alimjua Jones tangu wakiwa vijana wa Florida. Tabia ileile iliyokuwa busara mwezi Machi ikawa shimo mwezi Novemba. Kichwa kinarudi nyuma kama zamani, ila sasa hakirudi mbali vya kutosha. Jones anaiona ngumi. Hilo linaonekana machoni mwake. Mwili ndio unaochelewa kupata habari.

Alishinda pambano hilo. Jaji mmoja aliandika sare ya 114 kwa 114, wengine wawili wakampa 117 kwa 111 na 116 kwa 112, alama ambazo mimi naziona pana mno. Raundi mbili za mwisho, ambazo kwa bahati zimesalia kwenye diski, zinaonyesha bondia aliyechoka akitafuta ushindi kwa moyo mtupu na kuupata, na ningependa kila anayesema kwamba Jones hakuwa na moyo azitazame. Lakini mtazamaji anayeziona baada ya kurukishwa raundi saba hawezi kuelewa kwa nini zina uzito. Anamwona mtu akirusha ngumi nyingi, anadhani mambo ni ya kawaida.

Baada ya pambano Jones alieleza kwamba uzito ndio uliomwangusha nguvu, na maelezo hayo ndiyo yaliyozaa lile neno maarufu zaidi katika seti nzima. Tarehe 15 Mei 2004, mwamuzi akiwa Jay Nady yuleyule wa usiku wa Ruiz, wawili hao waliitwa katikati ya ulingo kupewa maelekezo. Nady aliuliza kama kuna mwenye swali. Tarver akasema analo, akamwuliza Jones kama usiku huo ana visingizio vyovyote. Tazama macho ya Jones wakati huo: hajibu, hatabasamu, na yeye alikuwa mtu wa kutabasamu. Raundi ya kwanza aliishinda kwa urahisi. Katika ya pili alirusha mkono wa kulia, Tarver akairusha ya kushoto juu yake, zikapishana, na ya Tarver ikafika. Jones alianguka, akahangaika kuinuka akiwa amelegea miguu, na Nady akasimamisha pambano ikiwa imefika dakika 1 na sekunde 41. Hakuwahi kusimamishwa kabla ya hapo katika mapambano 50.

Pambano hili limewekwa lote, na likarudishwa kwa mwendo wa polepole kutoka pembe nne, na kipande cha ngumi hiyo kikatumika tena kwenye ukurasa wa kuchagulia diski, ambapo kinacheza bila kukoma hadi ubonyeze kitufe. Sikuona haja ya jambo hilo. Lakini pembe ya tatu, ile ya kutoka nyuma ya bega la Tarver, ina faida kwa anayejifunza: inaonyesha kwamba Tarver alifumba macho kidogo aliporusha. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba ilikuwa ngumi ya bahati. Bahati ya namna hiyo humfikia mtu anayesimama palepale ambapo zamani hakuwa akisimama.

Diski ya tatu niliitazama mara moja na sidhani nitaigusa tena, ingawa kwa ubora wa utengenezaji ndiyo bora kuliko zote. Glen Johnson, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa bingwa wa IBF mwenye vipigo vingi kwenye rekodi yake, mfanyakazi wa ngumi asiyejua kuchoka, na tarehe 25 Septemba 2004 katika ukumbi wa FedExForum, Memphis, alimfuata Jones hatua kwa hatua tangu kengele ya kwanza. Hakuna kisingizio cha uzito hapa. Hakukuwa tena na misuli ya kupoteza. Jones alikuwa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu wakati ngumi ya kulia ya Johnson ilipomkuta katika raundi ya tisa, sekunde ya 48, na alibaki chini kwa dakika kadhaa. Rekodi inaendelea bila kukata wakati madaktari wamemwinamia. Baadhi ya watazamaji watapenda ukweli huo. Mimi ningependelea mhariri wa diski ya pili awe amehamishiwa hapa na mkasi wake.

Pambano la Tampa katika diski ya nne ni la watu waliomaliza kugombana. Roy Jones mkubwa, baba yake, ambaye walikuwa wamefarakana kwa miaka mingi, alirudi kwenye kona ya mwanawe, na lengo la kona hiyo lilionekana kuwa moja tu, Jones amalize raundi 12 akiwa amesimama. Alimaliza, ingawa raundi ya 11 ilikaribia kumharibia, na Tarver akashinda kwa uamuzi wa majaji wote. Kwa mtazamaji wa kawaida ni raundi 12 zisizo na ladha. Kwa aliyeanza na diski ya kwanza ni somo la namna bondia anavyobadilisha mchezo wake asiumie, na kinachoshangaza ni kwamba mikono yake ilikuwa bado ya haraka. Ukificha nusu ya chini ya skrini na kutazama mabega na mikono tu, utadhani ni mwaka 1999. Miguu ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Seti inasimama hapo, mwaka 2005, na huo ni uamuzi mzuri wa mpangaji hata kama haukuwa wa makusudi. Jones mwenyewe hakusimama. Mwezi Novemba 2008 alimwangusha Joe Calzaghe katika raundi ya kwanza huko Madison Square Garden kisha akapoteza karibu kila raundi iliyofuata. Desemba 2009 Danny Green alimmaliza katika raundi ya kwanza mjini Sydney. Mei 2011 Denis Lebedev alimlaza Moscow katika raundi ya mwisho kabisa ya pambano la raundi 10. Aliendelea kupanda ulingoni hadi Februari 2018, akiwa na miaka 49, aliposhinda kwao Pensacola, na hata baada ya hapo akarudi kwa pambano la maonyesho na Mike Tyson mwaka 2020 na pambano la kulipwa na Anthony Pettis mwaka 2023. Ipo hoja inayorudiwa mara nyingi, kwamba angestaafu usiku ule wa Ruiz angehesabiwa pamoja na Sugar Ray Robinson, ambaye wengi humwona kuwa bondia bora wa nyakati zote. Inawezekana. Lakini hoja hiyo inamtaka mtu ajue kwamba yuko kileleni wakati ambapo kila kitu mwilini mwake kinamwambia bado anapanda, na diski ya kwanza inaonyesha jinsi usiku ule ulivyofanana na mwanzo: mkanda mpya, uzito mpya, wapinzani wapya na fedha ambazo hajawahi kuzipata.

Je, seti inunuliwe? Diski ya kwanza ingeuzwa peke yake ningemshauri kila mpenzi wa ngumi ainunue bila kufikiri mara mbili, na makocha waitumie kufundishia jebu ya mtu mfupi dhidi ya mtu mzito. Kwa kuwa haiuzwi peke yake, jibu langu linategemea mnunuzi anataka nini. Anayetaka kuhifadhi usiku wa Ruiz katika ubora wa kuaminika atapata anachokitaka, na mapambano mengine ayahesabu kuwa nyongeza. Anayetaka kuelewa kilichomtokea Jones baada ya usiku huo aitafute kwanza rekodi kamili ya Novemba 2003 mahali pengine, kwani ipo, kisha aitazame mara tu baada ya kumaliza diski ya kwanza, bila kupitia ile ya pili. Na muuzaji, kama ana nia ya kutoa chapa nyingine, azirudishe zile raundi saba zilizokatwa mahali pake na aondoe ile ngumi ya Tarver inayojirudia kwenye ukurasa wa kuchagulia. Nafasi ya diski itatosha.